Je, kuna kidonge, kirutubisho au chakula kinachoongeza kumbukumbu kweli?

Mtahiniwa52 ameuliza:

Habari zenu wanajamvi. Nina umri wa miaka 52, na baada ya miezi minne nitaingia kwenye mtihani wa kitaaluma. Mara ya mwisho kuketi mbele ya karatasi ya aina hiyo nilikuwa sijafikisha miaka thelathini. Shida yangu ni kwamba ninasoma ukurasa mzima na kuuelewa vizuri, lakini kesho yake asubuhi ninaukuta kama ukurasa nisiowahi kuuona. Majina ya watu ninaofanya nao kazi kila siku huniponyoka katikati ya sentensi. Najua kwamba kusahau humpata kila mtu, ila kwangu limegeuka kuwa jambo la kila siku, na limeanza kunitia hofu.

Nimeshauriwa mambo matatu. Ndugu mmoja ameniambia ninunue vidonge vya mmea wa ginkgo, mwingine amesisitiza mafuta ya samaki, na mwenzangu kazini amenipa vidonge sita vya modafinili, akisema kwamba yeye alipita mtihani huohuo kwa msaada wake. Sijameza hata kimoja bado. Ningependa kujua kipi kati ya hivyo kina ushahidi, na kama kuna chakula cha kula au kuacha katika miezi hii minne.

Ili nisipoteze muda wa mtu, naeleza na dawa zangu. Natumia metformini kwa ajili ya kisukari, huu ni mwaka wa saba. Natumia omeprazoli kwa sababu ya kiungulia, sasa ni miaka mitatu. Kila usiku humeza kidonge kimoja cha klofeniramini, kwanza kwa kuwa pua huziba, na pili, nikisema ukweli, kwa kuwa hunisaidia kupata usingizi. Kahawa hunywa vikombe vinne au vitano kwa siku, cha mwisho kama saa kumi na moja jioni, ili niweze kusoma usiku.

Mfamasia_wa_Zamu amejibu:

Ndugu Mtahiniwa, nakushukuru kwa kuorodhesha dawa zako bila kuulizwa, kwa sababu watu wengi huja na swali kama lako huku nusu ya jibu wameiacha mfukoni. Umeuliza uongeze nini. Mimi naona tuanze na vile unavyomeza tayari, na hasa kile ulichokitaja kama jambo dogo, yaani kidonge cha usiku.

Klofeniramini ni dawa ya mzio ya kizazi cha kwanza. Hupenya hadi ndani ya ubongo, na mbali na kuzuia histamini, ambayo ni mojawapo ya kemikali zinazotuweka macho, huzuia pia asetilikolini, ambayo seli za neva huitumia wakati ubongo unapozingatia jambo na kuliweka kwenye kumbukumbu. Isitoshe, dawa hii haitoki mwilini upesi. Iliyomezwa saa nne usiku huweza kuwa bado inafanya kazi kesho yake mchana, wakati wewe umefungua kitabu na kujiuliza kwa nini maneno hayashiki. Usingizi unaoletwa nayo unaonekana kama faida, kumbe deni lake hulipwa asubuhi.

Kundi hili la dawa zinazozuia asetilikolini ni kubwa kuliko watu wanavyodhani. Limo difenhidramini inayouzwa kama dawa ya usingizi au ya mafua, imo amitriptilini ya sonona na maumivu, na imo oksibutinini ya kibofu. Utafiti mmoja wa Marekani uliochapishwa mwaka 2015 ulifuatilia watu 3,434 wenye umri wa miaka 65 na zaidi, ukakuta kwamba waliotumia dawa hizi kwa wingi na kwa miaka mingi walipata dimenshia, yaani ugonjwa wa ubongo unaopoteza kumbukumbu na uwezo wa kufikiri, zaidi ya wasiozitumia. Utafiti wa aina hiyo hauwezi kuthibitisha kwamba dawa ndiyo iliyosababisha ugonjwa, na wewe ni kijana mbele ya watu wale, kwa hiyo sikusemei habari ya dimenshia. Nakusemea habari ya kesho asubuhi. Nimewahi kuona karatasi ya dawa yenye donepezili, dawa ya dimenshia ambayo huzuia asetilikolini isivunjwe, pamoja na oksibutinini, ambayo huizuia isifanye kazi: mkono mmoja unajaza ndoo, mkono wa pili unaitoboa.

Jambo la pili linanishughulisha zaidi ya hilo la kwanza. Metformini hupunguza ufyonzwaji wa vitamini B12 katika sehemu ya mwisho ya utumbo mwembamba. Omeprazoli nayo hupunguza asidi ya tumbo, na asidi hiyo ndiyo inayosaidia kuibandua B12 kutoka kwenye protini za chakula. Wewe unatumia zote mbili. Ini huhifadhi akiba ya B12 inayoweza kutosha miaka kadhaa, ndiyo maana upungufu hauonekani mwaka wa kwanza wala wa pili, bali hujitokeza polepole wakati mtu ameshasahau kwamba dawa ile ilianza lini. Dalili zake ni uchovu, ganzi, ulimi kuuma, kubadilika kwa hisia, na usahaulifu. Mwaka 2022 mamlaka ya dawa ya Uingereza iliwakumbusha madaktari wapime B12 kwa mgonjwa wa metformini mwenye dalili za upungufu, na wafikirie kuwapima mara kwa mara walio katika hatari kubwa zaidi. Mwombe daktari wako kipimo hicho. Usiache metformini kwa uamuzi wako mwenyewe, kwa sababu sukari isiyodhibitiwa huumiza mishipa midogo ya ubongo kama inavyoumiza ya macho na ya figo.

Kuhusu kahawa nitasema kwa ufupi. Kafeini haiongezi kumbukumbu kwa namna unayoitarajia. Hukalia vipokezi vya adenosini, kemikali inayotujulisha kwamba tumechoka, hivyo uchovu unabaki palepale ila taarifa yake haikufikii. Kwa mtu mzima wa kawaida, nusu ya kafeini huwa bado imo mwilini baada ya saa tano hivi, kwa hiyo ukiinywa saa kumi na moja jioni, saa nne usiku bado unayo nusu kikombe. Jaribio la mwaka 2013 lilionyesha kwamba miligramu 400 zilizonywewa muda wa saa sita kabla ya kulala zilipunguza usingizi kwa zaidi ya saa nzima. Hebu tazama mzunguko ulioujenga: kahawa inakunyima usingizi, klofeniramini inaulazimisha, asubuhi unaamka na ukungu kichwani, na ukungu huo unauondoa kwa kahawa nyingine.

Usikumrefu amejibu:

Mfamasia amesema yaliyo ya msingi, nami naongeza habari za vile vidonge sita, kwa kuwa niliwahi kuvitumia nilipokuwa naandika tasnifu yangu.

Modafinili ilitengenezwa Ufaransa kwa ajili ya watu wenye ugonjwa wa kusinzia ghafla mchana, na Marekani iliiidhinisha kwa kazi hiyo mwaka 1998. Kwa mtu ambaye hajalala, humwezesha kukaa macho, na hilo sibishani nalo. Nami nilikaa macho. Usiku wa kwanza nilifanya kazi saa kumi na moja mfululizo bila kupiga miayo, nikiwa na uhakika kwamba sijawahi kufikiri kwa uwazi namna ile. Kulipokucha nikakuta nimepanga upya vichwa vya sura zote, nimebadilisha mtindo wa marejeo kutoka mwanzo hadi mwisho, na sijaongeza aya hata moja. Bidii ilikuwepo, ila ilikuwa imeelekea kusikohitajika.

Baadaye nilifurahi, kama mtu anavyofurahi kujua kwamba si yeye peke yake aliyechekwa, niliposoma jaribio lililofanywa Melbourne na kuchapishwa mwaka 2023. Vijana 40 wenye afya walipewa fumbo la kujaza begi: kuna vitu vyenye thamani na uzito tofauti, nawe uchague vile vitakavyoleta thamani kubwa zaidi bila kuzidi uzito unaoruhusiwa. Kwa siku tofauti walimeza modafinili, methilifenidati au deksoamfetamini, ambazo nazo ni dawa za kuchangamsha ubongo, au kidonge kitupu kisicho na dawa. Walipokuwa kwenye dawa walitumia muda mrefu zaidi na kuhamisha vitu mara nyingi zaidi, lakini majibu yao yalikuwa na ubora mdogo. Tena waliokuwa juu ya wastani bila dawa ndio walioelekea kushuka chini ya wastani wakiwa nayo. Nafikiri hapo ndipo watu wanapojidanganya, kwani dawa inakupa hisia ya kufanya vizuri, na hisia hiyo ndiyo unayoitumia kupima kama dawa imefanya kazi.

Aidha, vidonge vya kupewa mkononi bila karatasi ya maelezo si vya kuchezea. Modafinili inaweza kupandisha shinikizo la damu, hupunguza nguvu ya vidonge vya uzazi wa mpango, na mara chache sana huleta vipele vya hatari vinavyohitaji hospitali mara moja. Hata vile vinavyouzwa kama virutubisho vya akili si salama kwa jina lake tu: wachunguzi wa Marekani walipopima virutubisho kumi vya namna hiyo, walikuta ndani yake dawa tano ambazo hazijaidhinishwa nchini humo.

Majani_Mabichi amejibu:

Naheshimu elimu ya waliotangulia, ila naona mnakimbilia kubeza. Mama yangu mzazi alianza ginkgo akiwa na miaka 71, na sote nyumbani tuliona mabadiliko baada ya miezi miwili. Alianza tena kutaja tarehe za kuzaliwa za wajukuu bila kusaidiwa. Mmea umetumika kwa vizazi vingi. Kama hausaidii, basi angalau haudhuru, na mtu aachwe ajaribu. Kuna pia brahmi, ambayo wataalamu huita bakopa, na nimesoma kwamba hiyo imefanyiwa majaribio yakaonyesha matokeo mema.

Lishe_na_Akili amejibu:

Ndugu Majani, sina sababu ya kutilia shaka mlichokiona kwa mama, na namwombea afya. Swali ni kama kilitokana na ginkgo. Mtu anapoanza dawa ya kumbukumbu, watu wa nyumbani nao huanza kumsikiliza kwa makini, kumuuliza na kumkumbusha, na yeye mwenyewe huanza kujizoeza. Ndiyo sababu majaribio huhitaji kundi la pili linalomeza vidonge vitupu vyenye umbo lilelile. Ginkgo imepitishwa kwenye mizani hiyo, na kwa uzito usio wa kawaida: nchini Marekani watu 3,069 wenye umri wa miaka 75 na zaidi walipewa ama miligramu 240 kwa siku ama kidonge kitupu, wakafuatiliwa kwa takriban miaka sita. Matokeo yalichapishwa mwaka 2008. Waliopata dimenshia walikuwa 277 katika kundi la ginkgo na 246 katika kundi la vidonge vitupu. Tofauti hiyo ni ndogo mno kusema kwamba ginkgo inadhuru ubongo, lakini ya kuukinga haionekani kabisa. Na hili la kutodhuru lina mipaka, kwa kuwa mtu anayetumia warfarini au dawa nyingine ya kuzuia damu kuganda anaweza kutokwa damu zaidi akiichanganya na ginkgo.

Kuhusu bakopa umesema kweli kwa kiasi fulani. Yapo majaribio madogo, mengi yakiwa ya wiki kumi na mbili hivi, yaliyoonyesha nafuu kidogo. Ninachokosa ni majaribio makubwa ya muda mrefu. Wanaoitumia hulalamikia tumbo mara nyingi, jambo ambalo mwenye metformini hahitaji kuongezewa.

Sasa nirudi kwa Mtahiniwa. Mafuta ya samaki yana jina kubwa kwa sababu nzuri, kwani aina mojawapo ya omega-3, yaani mafuta yaliyomo ndani yake, iitwayo DHA, ni sehemu ya utando wa seli za ubongo. Lakini kuwa sehemu ya ubongo hakumaanishi kwamba ukimeza zaidi ubongo utafanya kazi zaidi, kama vile kumwaga matofali mbele ya nyumba iliyokwisha kujengwa hakuongezi chumba. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 2015, wazee wapatao 3,500 waliotumia omega-3 kwa miaka mitano hawakuwazidi wenzao katika vipimo vya akili. Kula samaki ni jambo jingine, nami nalitetea, kwa sababu mtu anayekula samaki mara mbili kwa wiki mara nyingi ameacha kitu kibaya zaidi kwenye sahani yake.

Vitamini mchanganyiko zilinishangaza, nakiri. Nilikuwa miongoni mwa waliozicheka, hadi mwaka 2022 yalipotoka matokeo ya jaribio la miaka mitatu kwa watu 2,262 wenye umri wa miaka 65 na zaidi: kidonge cha kila siku cha vitamini na madini kiliwapa nafuu ndogo katika vipimo vya akili, huku dondoo la kakao, lililotarajiwa kushinda, likiambulia patupu. Hisia yangu, nami naieleza kama hisia tu, ni kwamba nafuu ile iliwafikia zaidi wale waliokuwa na upungufu bila kujijua. Ukiwa na upungufu, kirutubisho ni dawa. Usipokuwa nao, unalipia mkojo wa rangi.

Kwa upande wa chakula, watu hutaja sana mlo uitwao MIND, wenye mboga za majani, matunda madogo ya zambarau, karanga, samaki na mafuta ya zeituni. Tafiti za kufuatilia watu zilikuwa zimeusifu. Ulipowekwa kwenye jaribio la kweli kwa watu 604 kwa miaka mitatu, na matokeo kutolewa mwaka 2023, waliokula MIND waliboreka, lakini na wale wa kundi la kulinganisha, waliopunguza kiasi cha chakula tu, waliboreka karibu sawa nao. Sehemu ya kuboreka huko hutokana na kuuzoea mtihani wenyewe: ukipimwa mara ya tatu kwa maswali yanayofanana, utafanya vizuri hata ukila mawe. Matokeo yanayonipa moyo zaidi ni ya Ufini, mwaka 2015, ambako watu 1,260 wenye umri wa miaka 60 hadi 77 walihusishwa. Nusu yao waliunganisha lishe, mazoezi ya mwili, mazoezi ya akili na udhibiti wa shinikizo la damu kwa miaka miwili, nao wakawazidi waliopewa ushauri wa kawaida.

Kwa miezi minne, hakuna chakula nitakachokuahidi kwamba kitaonekana kwenye karatasi yako ya mtihani. Ningekuomba tu usisome ukiwa na njaa kali wala mara baada ya mlo mzito wa wanga, kwa kuwa mwenye kisukari huhisi mabadiliko hayo kichwani kabla ya mahali pengine. Pombe nayo, kama unaitumia, iache usiku wa kusoma. Huvuruga usingizi ambao ndani yake ubongo huimarisha yale uliyojifunza mchana, na kwa wanaoinywa kupita kiasi kwa miaka mingi, upungufu wa vitamini B1 unaoandamana nayo unaweza kuharibu kumbukumbu moja kwa moja, katika hali inayoitwa kwa jina la daktari Korsakoff aliyeieleza katika karne ya 19.

Mtahiniwa52 amerudi baada ya wiki tano:

Nawashukuru nyote, akiwemo Ndugu Majani, ambaye ameniandikia kando kwa upole mkubwa. Vidonge sita nimemrudishia mwenyewe. Ginkgo sikununua.

Daktari alikubali kubadilisha klofeniramini kwa dawa ya kupulizia puani. Usiku tatu za mwanzo nililala vibaya kiasi kwamba nilikaribia kuirudia, lakini kahawa ya mwisho nimeisogeza hadi saa sita mchana, na sasa usingizi unakuja wenyewe. Ule ukungu wa asubuhi umepungua. Kurasa zinashika vizuri kuliko mwanzo, ingawa majina ya watu bado yananiponyoka.

Kipimo cha B12 kimerudi kikiwa chini ya kiwango. Nimeandikiwa vidonge vya mikrogramu 1,000 kwa siku. Ndugu mmoja anasema vidonge havifai kitu na kwamba sindano pekee ndiyo hufanya kazi. Mwingine ameniletea asidi ya foliki, akisema kwamba inajenga damu na ubongo kwa pamoja. Nimfuate nani?

Mfamasia_wa_Zamu amejibu:

Hongera kwa hatua hizo. Vidonge vya kiwango hicho hufanya kazi kwa wengi, na hesabu yake ni rahisi. Hata njia ya kawaida ya ufyonzwaji ikiwa imeharibika, takriban asilimia moja ya B12 hupenya ukuta wa utumbo yenyewe. Asilimia moja ya mikrogramu 1,000 ni mikrogramu 10, ilhali mtu mzima huhitaji mikrogramu 2.4 tu kwa siku. Kwa hiyo ukubwa wa kidonge chako si makosa ya mwandishi.

Asidi ya foliki iweke kando mpaka daktari aseme. Inaweza kurekebisha upungufu wa damu unaoletwa na ukosefu wa B12, damu ikaonekana nzuri kwenye kipimo, huku mishipa ya fahamu ikiendelea kuharibika chini kwa chini.

Nina swali moja, nalo nilipaswa kukuuliza tangu siku ya kwanza. Umetueleza habari za kurasa na za majina, lakini hujasema lolote kuhusu nyayo zako. Je, unahisi ganzi, michomo, au kama unatembea juu ya pamba? Ikiwa ndivyo, madaktari wengi huanza na sindano ili kujaza akiba upesi, kwa sababu mishipa ya fahamu iliyoumia kwa muda mrefu hairudi yote.

Mtahiniwa52 amejibu:

Ganzi ipo, kwenye vidole vya miguu yote miwili, tangu mwaka jana. Nilidhani ni ya kisukari, na kwa kuwa nilidhani hivyo sikumwambia mtu. Nimepiga simu kliniki sasa hivi. Wamenipa nafasi ya keshokutwa asubuhi.